Hakuna vita bila barua: Europa Universalis IV ikichezwa na watu saba

Europa Universalis IV ndio mchezo bora wa kompyuta niliouona kwa kikundi cha watu wazima wanaotaka kuigiza watawala wa zamani na papo hapo washindane kwa akili. Pia ni mchezo usiojali hata kidogo ahadi ambayo mchezaji anampa mwenzake. Ukiununua ukitarajia kompyuta iwalazimishe marafiki zako wawe waungwana, umetupa pesa. Ukiununua mkiwa tayari kuongeza kanuni chache zenu wenyewe, na mtu mmoja wa kuzisimamia, mtakesha.

Mtu huyo wa kuzisimamia ni mimi. Nina duka la kupiga chapa na kutoa nakala mjini Kisumu, na kompyuta inayobeba mchezo wetu iko chumba cha nyuma, kwa kuwa hapo ndipo penye betri ya akiba stima ikipotea. Sichezi nchi yoyote. Wenzangu huniita Karani. Kilwa iko mikononi mwa mwalimu mstaafu wa Kakamega, Ureno ni fundi wa simu wa Kondele, Uthmaniya (milki ya Waturuki) ni mhasibu wa Nakuru, Kastilia (Hispania ya baadaye) ni muuguzi wa hukohuko Nakuru, Venisi ni mama anayeuza vitambaa Kibuye, dola ya Mamluki ya Misri ni mwanafunzi aliyeko Maseno, na Ethiopia ni kijana wa Bungoma anayesambaza mbegu na mbolea. Tunacheza Ijumaa usiku, maduka yakishafungwa na watoto wakishalala.

Kwa asiyeujua, mchezo huu umetengenezwa na Paradox Development Studio ya Stockholm, Uswidi, na ulitoka Agosti 2013. Unaanza tarehe 11 Novemba 1444 na kuisha mwanzoni mwa Januari 1821. Unachagua nchi karibu yoyote ya wakati huo, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonivuta: Kilwa ipo, Malindi ipo, Buganda ipo. Saa ya mchezo haingoji zamu. Siku zinapita zenyewe kwa watu wote kwa pamoja, kwa kasi tano za kuchagua, na mtu yeyote anaweza kuisimamisha.

Moyo wa hesabu zake ni aina tatu za pointi: za utawala, za diplomasia na za kijeshi. Mtawala wako ana kipawa cha kati ya 0 na 6 katika kila aina. Kila mwezi unapata pointi 3 za bure, ukiongeza kipawa hicho, ukiongeza na mshauri uliyemwajiri. Karibu kila jambo la maana linalipiwa kwa pointi hizo. Ngazi moja ya teknolojia inaanzia pointi 600. Kuna pia kipimo cha utulivu wa nchi, kutoka -3 hadi +3, na kukipandisha hatua moja kunaanzia pointi 100 za utawala. Mshike namba hizo, kwa sababu ndizo zilizotuokoa baadaye.

Biashara ndipo mchezo ulipo na akili kubwa. Dunia imegawanywa katika vituo, na mali hutiririka kutoka kituo hadi kituo kwa mwelekeo uliowekwa tangu mwanzo, haubadiliki. Kituo cha Zanzibar kinamwaga kuelekea Rasi ya Tumaini Jema, kisha mali inapanda pwani ya magharibi hadi Ulaya. Mwisho wa mito yote ni sehemu tatu tu: Mfereji wa Uingereza, Genoa na Venisi. Mwalimu alipogundua hilo alikasirika kweli. Sultani wa Kilwa anaweza kukusanya ushuru mwingi kwake, anaweza kuzuia, lakini hawezi kamwe kuifanya mali ya Lisbon itiririke kuja kwake. Bahari ya Hindi ya kweli haikuwa hivyo. Kabla Wareno hawajafika, mali ilikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi, dhahabu ya Sofala ikipanda Kilwa na vyombo vya Uchina na vitambaa vya Gujarati vikishuka. Hapo mchezo umeandikwa na mtu aliyesimama Ulaya akitazama kusini, na ninalisema hilo kama kasoro. Lakini ubaguzi huohuo wa ramani unampa mchezaji wa Kilwa hofu ya kweli: anajua kila meli ya Kireno inayozunguka Rasi imekuja kufungua bomba lake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Nchi inayoendeshwa na kompyuta ina kumbukumbu. Inapima imani iliyo nayo kwako, inahesabu majimbo uliyonyakua, na ukinyakua kwa pupa majirani wanaungana dhidi yako. Ukiitendea vibaya, unalipa. Mchezaji aliye binadamu hana kitu kama hicho. Vipimo vipo kwenye skrini, ila havimfungi. Fundi wetu anaweza kumwambia Mwalimu kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba Ureno haitagusa pwani ya Waswahili kwa miaka 50, na mwezi ujao akateremsha askari. Kinachomzuia ndani ya mchezo ni kipindi cha kusitisha vita, cha miaka 5 hadi 15, nacho huja baada ya vita, si kabla. Ukikataa kumsaidia mshirika aliyekuita vitani, hadhi yako inashuka, basi. Hadhi inarudi.

Matokeo yake tuliyaona mapema. Kikundi kiligawanyika pande mbili. Upande mmoja walikuwa watu wa hesabu, wakiongozwa na mhasibu, ambao kila Ijumaa walikuja na jedwali: jimbo gani linalipa, jeshi lipi ni dhaifu, mwaka gani wa kushambulia. Upande wa pili walikuwa watu wa hadithi, Mwalimu na Mama Venisi hasa, ambao walikuja na sababu, mila, hofu na visasi vya watawala wao. Watu wa hadithi walikuwa wakipigwa kila mara. Mtu akiwa anaandika barua nzuri ya kifalme, mwenzake amekwisha kuvuka mto. Mama Venisi alitaka kuacha. Alisema hawezi kukesha kwa ajili ya kujumlisha namba, kazi hiyo huifanya dukani mchana kutwa.

Wengi wanaocheza hivi huamua kwa kutenganisha: hadithi ni pambo, hesabu ndiyo mchezo. Au kinyume: wanapiga marufuku vita fulani kwa sababu "haviendani na historia", na mtu wa hesabu anakaa amefungwa mikono. Mimi sikukubali njia hizo mbili. Msimamo wangu ni kwamba neno la mtawala lazima liwe na bei katika sarafu ileile ambayo mchezo unaithamini. Kama pointi ndizo zinazouma, basi kiapo kikivunjwa kiume kwenye pointi.

Kwa hiyo tukaweka kanuni mbili. Ya kwanza: hakuna vita bila barua. Barua zinaandikwa katikati ya wiki, saa ya mchezo ikiwa imesimama, na mwenye kutaka vita aeleze kwa sauti ya mtawala wake kwa nini. Si lazima sababu iwe njema. Tamaa ni sababu, ilmradi isemwe. Ya pili: hakuna mkataba bila rehani. Wanaoapa wanachagua wanachoweka: hatua za utulivu, hadhi, au fedha ya hazina. Ninaandika kwenye daftari nani kaapa nini, hadi mwaka gani wa mchezo, na rehani ni ipi. Akivunja, rehani inakatwa kabla ya Ijumaa inayofuata.

Inakatwaje? Hapa inabidi nieleze kifundi kidogo, maana ndiyo sehemu inayowashinda wengi. Zile amri za siri unazoandika kwenye dirisha la mchezo ukiwa peke yako hazifanyi kazi mkicheza wengi. Lakini mchezo ukihifadhiwa bila kubanwa, na bila ile hali ya chuma (Ironman) isiyoruhusu kurudi nyuma, faili yake ni maandishi ya kawaida. Unaifungua kwa programu yoyote ya kuandikia, unatafuta nchi, unakuta mstari wa utulivu, wa hadhi, wa hazina. Unabadilisha namba moja, unahifadhi, unapakia tena. Faili ni ndefu mno, kwa hiyo tafuta kwa ile alama ya herufi tatu ya nchi, wala usishuke kwa macho.

Mhasibu alipinga, na hoja yake ilikuwa nzito. "Karani, ukishaanza kugusa faili, nani atajua umeishia wapi?" Nikamwambia ana haki. Tangu hapo, kabla sijagusa kitu, nachapa ukurasa wenye mistari ile, nikimaliza nachapa tena, kurasa zote mbili napiga picha na kuwatumia wote. Wino ni wangu, karatasi ni zangu. Mhasibu huzikagua namba kwa namba, na hajawahi kulalamika tena.

Sasa mtazame jinsi kanuni hizo zilivyofanya kazi. Ureno ilipofika pwani ya mashariki, Mwalimu alimwandikia mfalme wake barua. Nainukuu, kwa ruhusa yake, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha kampeni yetu:

"Kwa Mfalme wa Ureno, sahibu wa mbali. Baada ya salamu nyingi, nakuarifu kwamba sisi hatujambo, miji yetu ni salama, na msikiti wetu umeongezwa nguzo. Wabaadu, merikebu zako zimetia nanga kwetu mwanzo wa kusi. Tumewapa mabaharia wako maji, ndimu na mbuzi. Nahodha wako ameomba kibali cha kujenga bohari ya mawe. Bohari ya mawe yenye matundu ya mizinga sisi huiita ngome. Jenga kwa miti na makuti, ulipe ushuru wa forodha kila mwaka, na bandari ni yako kwa kuuza na kununua. Ukijenga kwa mawe tutajua umekuja kukaa. Wasalaam."

Mwalimu anajua anachokiandika. Katika historia ya kweli, Vasco da Gama alirudi mwaka 1502 na kuilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, na dhahabu hiyo ikafuliwa chombo cha ibada cha Belém, kilichokamilika mwaka 1506, ambacho hadi leo kiko Lisbon. Mwaka 1505 meli za Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa, zikaichoma Mombasa, na ngome ya mawe ikajengwa Kilwa kweli. Waliiacha mwaka 1512. Kwa hiyo ile sentensi ya bohari na ngome ilikuwa na uzito ambao fundi wetu aliuhisi bila kuambiwa.

Fundi alikubali ushuru na akaapa kutojenga wala kushambulia kwa miaka 20, rehani hatua mbili za utulivu. Jambo lililonigusa zaidi lilikuwa tofauti. Yeye ni kijana, Mwalimu ni mzee aliyefundisha watu wa rika la baba yake. Kwenye simu kabla ya mchezo humwamkia kwa adabu, humuuliza habari za mama nyumbani na za ng'ombe. Kumtisha mtu kama huyo, hata kwa mchezo, kulimtoa jasho. Jibu lake la kwanza lilikuwa limejaa "tafadhali" na "kwa heshima yako Mwalimu". Nikamrudishia. Nikamwambia huyu anayeandika si wewe, ni mfalme aliyepewa baraka za Papa, anaamini nusu ya dunia ni yake. Jibu la pili lilikuja na mstari huu: "Mfalme wetu haombi ruhusa ya kupita kwenye bahari aliyopewa na Mungu." Halafu akapiga simu, "Mwalimu, uniwie radhi kwa huo mstari wa mwisho." Mwalimu akamjibu, "Mfalme haombi radhi, kijana. Endelea hivyohivyo."

Hicho ndicho ambacho uigizaji unakipa kikundi kama chetu, na hesabu peke yake haikiwezi. Kijana alipata kibali cha kubishana na mzee kwa nguvu zake zote, mzee akapata mpinzani asiyemwonea haya, na heshima yao ikabaki mahali pake. Bila barua, ugomvi ungekuwa kati ya kijana na mzee. Kwa barua, ulikuwa kati ya Lisbon na Kilwa.

Mwaka 1507 wa mchezo Ureno ilivunja kiapo. Fundi alikuwa amepiga hesabu: kisiwa kimoja chenye bandari kubwa kingempa sehemu nono ya biashara ya kituo cha Zanzibar. Akaandika barua yake ya vita, yenye tamaa ya wazi, akateremsha jeshi. Kwa mkono wangu nikaishusha Ureno kutoka +1 hadi -1. Mfalme wake alikuwa na kipawa cha 2 cha utawala na mshauri wa ngazi ya kwanza. Piga hesabu: 3 na 2 na 1 ni pointi 6 kwa mwezi. Hatua mbili ni pointi 200. Karibu miaka mitatu ya utawala mzima inakwenda kulipia kiapo kimoja, na wakati huo hakuna teknolojia ya utawala wala majimbo mapya yanayoingizwa sawasawa kwenye nchi, maana vyote vinakula pointi zilezile. Waasi wakaanza kuchomoza nyumbani kwake. Nchi za joto nazo zinalisha askari wachache, jeshi lake likawa linayeyuka kabla ya kupigana.

Hapo muuguzi wa Kastilia akaingia. Alikuwa hana mpango na Ureno kabisa, lakini aliona jirani yake ameyumba. Akaandika barua fupi ya kumpa pole kwa matatizo ya nyumbani na kumkumbusha mpaka mmoja wa zamani uliokuwa na utata. Fundi alilazimika kurudisha nusu ya jeshi. Vita vikaisha Kilwa ikibaki na kisiwa chake, Ureno ikibaki na Sofala. Hakuna kipande cha hadithi hiyo kilichotungwa kando ya mchezo. Barua ilizaa kiapo, kiapo kikazaa namba, namba ikazaa udhaifu, udhaifu ukazaa barua nyingine.

Aliyenishangaza ni mhasibu. Alipoona rehani inakatwa kweli, akaanza kudai viapo kabla ya jambo lolote. Alimwuzia Mama Venisi amani kwa sharti la kiapo cha miaka 15 na rehani ya hadhi, na ili amshawishi ilibidi amwandikie Doge, yaani mtawala wa Venisi, barua ya kurasa mbili, yeye aliyekuwa akisema barua ni kupoteza muda. Mama Venisi akamjibu kwa masharti ya bei ya hariri yaliyomfanya akune kichwa wiki nzima. Kumbe kupatana bei Kibuye ni kazi ya Doge.

Jambo jingine ambalo mchezo umelifanya vizuri, na nashauri kila kikundi kilitumie, ni tabia za watawala. Zilikuja na nyongeza (kifurushi kinachouzwa kando ya mchezo) ya Rights of Man, mwaka 2016. Mtawala anavyokaa madarakani anapata tabia: mwadilifu, mkatili, mchoyo, mwoga, mcha Mungu. Kila moja ina athari yake ndogo ya namba, na wengi huitazama hiyo namba tu. Sisi tunaitazama kama amri. Mfalme wa Kastilia alipotoka mwoga, muuguzi hakuruhusiwa kuanzisha vita hadi mfalme huyo afe, na alilichukua hilo kwa furaha. Barua zake za miaka hiyo, za mtu anayetafuta visingizio huku washauri wake wakimsukuma, ndizo bora alizowahi kuandika. Mtawala wa 0 katika diplomasia naye haruhusiwi kuandika barua ndefu ya werevu. Aandike kwa ufupi, au atume mjumbe wa kumharibia. Hapo namba inaongoza uigizaji, si kinyume, na mizani inakaa sawa.

Kesi ngumu zaidi iliyonijia ilikuwa ya Mwamko, yaani Renaissance ya Ulaya. Katika mchezo, mawazo makuu ya zama, kama Mwamko, ukoloni, mashine ya kuchapa, huzaliwa sehemu moja na kusambaa polepole, na nchi ambayo haijayapokea hulipia teknolojia ghali zaidi. Mwamko huzaliwa Italia baada ya 1450. Kusubiri ukufikie Kilwa ni kusubiri sana. Lakini kuna mbinu inayojulikana: ukimwaga pointi nyingi kuendeleza jimbo moja, wazo hilo huota hapohapo. Mwalimu akataka kuifanya. Mwanafunzi wa Maseno, akiwa Misri, akalalamika kwamba Mwamko wa Italia kuota Kilwa ghafla ni upuuzi wa hesabu. Nikamwomba Mwalimu aandike. Akaandika namna sultani alivyoita mafundi wa mawe ya matumbawe, akawaita maulamaa kutoka Kairo na kuwapa nyumba, akagharimia wanakili wa vitabu, akarudisha majengo ya enzi ambayo Ibn Battuta aliuona mji huo mwaka 1331 na kuusifu. Hakulitaja neno Italia. Nikaruhusu, na nikaamuru sehemu ya sifa iende Kairo: Kilwa imlipe Mamluki zawadi ya fedha kwa miaka kadhaa. Mwanafunzi akanyamaza, akaanza kuandika barua za kudai zawadi yake ikichelewa.

Kasoro bado zipo na sitazifunika. Miti ya misheni, iliyoingia mwaka 2018, inamwambia kila mchezaji ateke nini na kumpa dai la bure juu ya ardhi ya jirani. Kwa anayecheza peke yake ni raha. Kwa waigizaji ni mkono wa mtu mwingine ndani ya kichwa cha mfalme wako, kwa hiyo sisi tunaihesabu kama ushauri wa baraza, nayo haitoi ruhusa ya vita. Kuanzia miaka ya 1650 hivi nchi za wachezaji huwa kubwa kupita kiasi, vita kila kimoja kinakuwa vita vya dunia, na barua hazina tena mtu mdogo wa kumtetea. Nashauri mmalize mapema, 1650 au 1700, msijilazimishe kufika 1821. Lugha nayo: mchezo una Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na Kihispania. Barua zetu ni za Kiswahili, vitufe si vya Kiswahili, na mgeni itabidi akae na mtu kwa wiki kadhaa.

Nje ya kasoro hizo naupa nane kwa kumi kwa kikundi chenye karani, na tano kwa kisicho naye.

Kuhusu kununua. Kila mchezaji anahitaji mchezo wa msingi, lakini nyongeza zinahitajika kwa mwenyeji (mwenye kompyuta inayobeba mchezo) peke yake. Mkiingia kwake, mnatumia zake wote. Hilo ni nafuu kubwa, kwa kuwa nyongeza ni nyingi na zikijumlishwa zinazidi bei ya mchezo mara kadhaa. Sisi tulichangia mwenyeji mmoja. Kama mnapanga kucheza upande wetu wa dunia, ya kuanza nayo ni Origins, ya Novemba 2021, iliyolenga Afrika kusini mwa Sahara. Subirini msimu wa punguzo kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, huja kila mwaka zaidi ya mara moja. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay.

Kompyuta za mtumba zinatosha kwa karne ya kwanza. Baadaye mchezo unakuwa mzito, na kalenda ya wote inakwenda kwa mwendo wa mashine iliyo dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mwenye nchi kubwa tazameni nani anachemsha laptopu. Mtu akikatikiwa na mtandao, kompyuta inaichukua nchi yake hadi arudi, kwa hiyo mwenyeji asimamishe saa mara moja. Kurudi katikati ya mchezo kunawezekana, ila wote wanangoja. Bando la data halimalizwi na mchezo wenyewe, linamalizwa na simu ya sauti mnayoiendesha pembeni.

Toleo la tano limetoka Novemba 2025 na linaanza mwaka 1337. Wenzangu wawili wameshaanza kulipigia debe. Kwa kompyuta tulizonazo, jibu langu kama Karani ni bado. Na kwa watakaobaki na la nne kama sisi: mwenyeji aingie kwenye sifa za mchezo ndani ya Steam, sehemu ya matoleo ya majaribio, achague toleo moja na kulifunga hapo, kisha wote wachague lilelile. Sasisho likiingia katikati ya kampeni, faili yenu ya zamani inaweza isifunguke, na viapo vyote vilivyomo daftarini vitabaki bila nchi.